Ngoma bila bima: Nani atalipa yakitokea maafa?

KATIKA Kata ya Chunyu wilayani Ruangwa, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Ruangwa na Nachingwea mkoani Lindi, msimu wa mavuno ukimalizika huwadia msimu wa ngoma. Fedha za ufuta na korosho zikishaingia mikononi, familia huandaa sherehe za jando na unyago, ndugu husafiri kutoka mbali, na uwanja mmoja waweza kukusanya mamia ya watu usiku kucha.

Katika maandalizi hayo huhesabiwa magunia ya mchele, mbuzi, khanga za wari na malipo ya wapiga ngoma. Suala ambalo aghalabu halihesabiwi ni bima. Mgeni akivunjika mguu, au mtoto akiguswa na waya wa jenereta ulioachwa wazi, nani atalipa?

Bima inayohusika na jambo hilo huitwa bima ya dhima kwa umma. Mwandaaji hulipa ada, na ikiwa mtu ataumia kwa sababu ya uzembe wa mwandaaji, kampuni ya bima hulipa fidia kwa niaba yake. Pasipo bima hiyo, madai humwangukia mwandaaji mwenyewe. Kwa kuwa mara nyingi mwandaaji ni mkulima asiye na akiba, majeruhi huambulia mchango wa majirani.

Kampuni za bima nazo zina sababu za kusita. Hukadiria ada kwa kutazama idadi ya watu, njia za kutokea, mahali na historia ya ajali. Ngoma ya kijijini haina tiketi wala lango, na mwandaaji wake ni ukoo, si chama kilichosajiliwa. Hatari isiyoweza kukadiriwa hukataliwa, au hutozwa ada ambayo familia haiimudu.

Sheria nayo haijafika uwanjani. Bima ya magari ni ya lazima, na marekebisho ya mwaka 2022 yaliongeza masoko ya umma, majengo ya biashara, vyombo vya majini na bidhaa zinazoagizwa kutoka nje ya nchi katika orodha ya bima za lazima. Ngoma haimo. Hata safari ya kwenda ngomani ina mashaka yake: lori lililokatiwa bima ya mizigo likipakia wachezaji, kampuni yaweza kukataa madai kwa hoja kwamba gari lilitumika kinyume cha mkataba.

Pale ambapo hakuna wa kubeba hasara, mamlaka hubaki na njia moja tu, yaani kunyima kibali. Oktoba 2008, watoto wapatao 20 walifariki dunia kwa kukosa hewa katika msongamano wa disko la Idd mjini Tabora. Tangu wakati huo, marufuku ya disko toto imekuwa ikitangazwa na polisi mara kwa mara wakati wa sikukuu. Katazo huokoa maisha, lakini halimlipi aliyekwisha kuumia, na laweza kuwakumba hata waandaaji makini.

Nchini Australia tatizo lilikuja kwa sura nyingine. Kampuni kubwa ya bima ya HIH ilifilisika Machi 2001, na baada ya mashambulizi ya Septemba mwaka huo nchini Marekani, ada za bima zilipanda duniani kote. Maonyesho ya vijijini na sherehe za mitaa zikaahirishwa au kufutwa kwa kushindwa kulipa. Jimbo la New South Wales lilitunga sheria mwaka 2002 iliyopunguza madai na kuwalinda watu wanaojitolea, huku vikundi vidogo vikihimizwa kununua bima kwa pamoja.

Funzo la kununua kwa pamoja ndilo linaloweza kuwafaa watu wa Chunyu. Wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale tayari huuza mazao kupitia vyama vya msingi vilivyo chini ya chama kikuu cha RUNALI. Aidha, mwaka 2023 kampuni za bima nchini ziliungana katika umoja wa bima ya kilimo, ili hatari ambayo kampuni moja inaiogopa ibebwe na nyingi.

Kibali chaweza kuwa mlango wa kuingilia. Fomu yake ikieleza tarehe, mahali, jina la mwandaaji na makadirio ya wageni, halmashauri itakuwa na kumbukumbu ambazo kampuni za bima hazina. Kwa kumbukumbu hizo, bima moja ya msimu mzima ingeweza kuombwa kwa ajili ya ngoma zote zilizoandikishwa.

Mpangilio wa hatua ndio wenye uzito. Bima ikifanywa sharti la kibali kabla ya kupatikana kwa ada nafuu, familia maskini zitaacha ngoma au kuzipeleka porini bila kibali, mbali na zahanati na msaada wowote. Ada nafuu itangulie, sharti lifuate. Kabla ya hapo, kinga iliyo karibu ni taa za kutosha, njia pana za kutokea, nyaya zilizofunikwa na malori yasiyopakia watu.