Neno «jimbo» na polisi wa mahali

Mwanafunzi wa Lubumbashi asomapo kwamba «serikali ya jimbo huwasaidia polisi wa wilaya», hufikiria kwanza jimbo lake mwenyewe. Hapo ndipo hupotea njia. Kwetu, kifungu cha 202 cha Katiba ya 2006 kimeiweka Polisi ya Taifa katika mamlaka ya serikali kuu peke yake, ijapokuwa kifungu cha 184 chaitiisha kwa mamlaka ya kiraia ya mahali. Nchini Marekani neno hilohilo lina maana nyingine. Tutaieleza kwa mfano wa California.

Huko mji huajiri polisi wake wenyewe, na kila moja ya wilaya 58 ina mkuu wa polisi, aitwaye sherifu, ambaye huchaguliwa na wananchi. Serikali ya jimbo haiwaongozi katika kazi ya kila siku, bali huwasaidia, hasa kwa njia nne.

Ya kwanza ni mafunzo. Mwaka 1959 bunge la jimbo liliunda tume ya kuweka viwango vya kuwachagua na kuwafundisha polisi. Leo mafunzo ya msingi hayapungui saa 664. Ya pili ni fedha: mwaka 1993 wapiga kura walikubali kodi ya mauzo ya nusu senti kwa kila dola, kwa ajili ya usalama wa wilaya na miji. Ya tatu ni utaalamu: maabara za jimbo huchunguza vielelezo vya jinai kwa niaba ya wilaya zisizo na maabara. Ya nne ni kusaidiana: ghasia au maafa yakizidi nguvu za wilaya moja, nyingine hupeleka askari kufuatana na mapatano yaliyowekwa mwaka 1950.

Hata hivyo, msaada bila uwajibikaji una hatari yake. Kwa miaka mingi tume ile ilitoa vyeti bila uwezo wa kumvua cheti askari aliyetenda kosa zito, hata aliyefukuzwa mji mmoja aliweza kuajiriwa mji wa jirani. Sheria ya mwaka 2021 iliipa tume uwezo huo.

Basi, mfasiri asitosheke kuandika «jimbo» na kwenda zake. Na aonyeshe ni nani aajiriye, nani alipaye, na nani aamrishaye. Bila hayo matatu, msomaji wetu atasoma habari za California akidhani ni za Haut-Katanga.