Daftari na Kiini: Jinsi Mfumo Endeshi Unavyotambua Makundi ya Mtumiaji

Msimamizi wa mfumo anapomwondoa mhasibu aliyehamishwa katika kundi lenye ruhusa ya kusoma faili za mishahara, hutarajia kwamba mlango umefungwa papo hapo. Katika Linux, mlango huo waweza kubaki wazi kwa siku kadhaa. Sababu ni kwamba uanachama wa kundi huhifadhiwa mahali pawili, napo hapalingani daima.

Mahali pa kwanza ni daftari. Faili ya /etc/passwd hutaja kundi la msingi la kila mtumiaji, tena kwa namba tu. Faili ya /etc/group huorodhesha wanachama wa kila kundi. Anayesoma hii ya pili peke yake huweza kupotoka, kwani mtu ambaye kundi hilo ni lake la msingi kwa kawaida hatajwi humo. Katika taasisi kubwa daftari huweza kuwa kwenye seva ya mbali, na faili ya /etc/nsswitch.conf ndiyo inayoelekeza pa kutafuta.

Mahali pa pili ni kiini cha mfumo. Mtumiaji anapoingia, programu ya kuingilia hulisoma daftari na kukikabidhi kiini orodha ya namba za makundi. Kila mchakato hurithi orodha hiyo kutoka kwa mchakato uliouzaa. Faili ya mashine hiyo inapofunguliwa, kiini hutazama orodha iliyorithiwa; hakirudi daftarini.

Tofauti hii hudhihirika katika amri ya id. Ikiandikwa peke yake, huonyesha orodha ya mchakato wenyewe; ikifuatwa na jina la mtumiaji, husoma daftari. Hivyo msimamizi anayeandika id na jina la mhasibu haoni tena kundi la mishahara, ilhali mhasibu, katika kikao alichokifungua juzi, bado analiona, na faili bado zinamfungukia. Majibu yote mawili ni ya kweli, na hapo ndipo penye hatari. (Aliyeongezwa kundini hupatwa na kinyume chake: huzuiwa mpaka atoke na kuingia upya, naye huwa mwepesi wa kulalamika. Aliyeondolewa hana sababu ya kulalamika.)

Anayetaka uhakika hana budi kusoma mstari wa Groups katika faili ya status ya kila mchakato wa mtumiaji huyo, ndani ya saraka ya /proc, kisha kuisimamisha michakato yote iliyobeba namba ya zamani, pamoja na ile iliyoachwa ikiendelea chinichini baada ya mwenyewe kwenda nyumbani.