Picha za chumba cha giza

Picha za chumba cha giza ni picha za mnato zinazochapwa kwa mkono kutoka kwenye negativu ya filamu, juu ya karatasi iliyopakwa chumvi za fedha, ndani ya chumba kisichoingiwa na mwanga wa kawaida. Katika Afrika Mashariki kazi hiyo inajulikana zaidi kama kusafisha picha, na wengine husema kuosha picha, kwa sababu karatasi hupitishwa katika dawa na maji.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya kawaida ya kupata picha. Siku hizi picha nyingi hupigwa kwa simu na hubaki humo humo kwenye simu. Hata hivyo, wapo wapiga picha, wakusanyaji wa sanaa na makumbusho wanaoendelea kuzithamini picha zilizochapwa kwa mkono.

## Historia

Mwaka 1839 Mfaransa Louis Daguerre alitangaza njia yake ya kupata picha juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Picha hizo zilikuwa safi sana, lakini kila moja ilikuwa ya pekee: haikuwezekana kutoa nakala yake. Mwingereza William Henry Fox Talbot alifuata njia nyingine, akaisajili mwaka 1841. Yeye alipata kwanza negativu ya karatasi, ambamo mahali peusi huonekana peupe na peupe huonekana peusi, kisha kutokana na negativu hiyo akachapa picha nyingi alizotaka. Msingi wa chumba cha giza ni wazo hilo la Talbot.

Mwanasayansi John Herschel aligundua mwaka 1819 kwamba thiosulfati ya sodiamu huyeyusha chumvi za fedha. Miaka 20 baadaye ugunduzi huo ulitumika kukaza picha. Bila dawa hiyo, picha ingeendelea kuwa nyeusi kila inapotolewa kwenye mwanga. Mwaka 1871 Richard Leach Maddox alipendekeza kutumia jelatini kushikilia chumvi za fedha. Kabla ya karne ya 19 kwisha, karatasi za jelatini na fedha zilikuwa zikitengenezwa viwandani na kuuzwa madukani.

Picha za rangi zilipoenea, kazi kubwa ya kuchapa ilihamia kwenye mashine. Baadaye zikaja kamera za kidijitali. Mwaka 2005 kampuni ya Kodak ilitangaza kuacha kutengeneza karatasi za picha nyeusi na nyeupe. Kampuni nyingine, kama Ilford ya Uingereza na Foma ya Ucheki, zimeendelea kuzitengeneza.

## Jinsi picha inavyochapwa

Karatasi za picha nyeusi na nyeupe haziathiriwi na mwanga mwekundu. Ndiyo maana fundi huweza kufanya kazi chini ya taa nyekundu hafifu na kuona anachokifanya. Kwa kawaida hatua ni hizi:

1. Negativu huwekwa katika mashine ya kukuzia, ambayo ina taa juu na lenzi chini. Mwanga hupita katika negativu na kuangukia karatasi iliyolazwa mezani.
2. Fundi hujaribu kwanza kwa kipande kidogo cha karatasi. Hukimulika sehemu kwa sehemu kwa sekunde tofauti, ili aone ni muda gani unaofaa.
3. Karatasi kamili humulikwa kwa muda uliochaguliwa. Baada ya hapo bado inaonekana nyeupe tupu.
4. Karatasi hutiwa katika trei ya dawa ya kusafishia, yenye joto la nyuzi 20 hivi za Selsiasi. Baada ya sekunde chache picha huanza kujitokeza, na kwa kawaida hukamilika katika dakika moja hadi tatu.
5. Karatasi huhamishiwa katika asidi hafifu inayosimamisha kazi ya dawa ya kwanza, kisha katika dawa ya kukazia, ambayo huondoa chumvi za fedha zilizobaki.
6. Mwishoni picha huoshwa kwa maji safi. Karatasi yenye tabaka za plastiki huoshwa kwa dakika chache tu, lakini ile isiyo na plastiki huweza kuhitaji hadi saa nzima.

Fundi asiharakishe hatua ya mwisho. Dawa ikibaki ndani ya karatasi, picha hugeuka manjano na kufifia miaka ya baadaye, hata kama ilionekana nzuri siku ilipotoka.

## Uamuzi wa fundi

Mashine ya kukuzia haiamui chochote. Fundi ndiye anayechagua ukubwa, muda wa mwanga, aina ya karatasi na kiasi cha tofauti kati ya weusi na weupe. Karatasi inapomulikwa, anaweza kukinga sehemu fulani kwa kiganja au kwa kipande cha kadi kilichofungwa kwenye waya, ili isiwe nyeusi mno. Anaweza pia kuiongezea mwanga sehemu nyingine, kwa mfano anga, ili mawingu yaonekane. Kwa kuwa mkono hausogei mara mbili kwa namna ile ile, picha mbili za negativu moja huwa hazilingani kabisa.

Mfano unaojulikana ni wa Mmarekani Ansel Adams. Tarehe 1 Novemba 1941 alipiga picha ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico. Negativu ilikuwa moja, lakini aliichapa upya mara nyingi kwa miaka mingi. Katika nakala za mwanzo anga lina mawingu mepesi yanayoonekana. Katika nakala za baadaye anga ni karibu jeusi tupu na mwezi unang'aa zaidi. Adams, aliyekuwa pia mpiga piano, alilinganisha negativu na nota za muziki, na kuchapa picha na kuupiga muziki wenyewe.

## Mvuto wake katika zama za kidijitali

Faili la kidijitali likinakiliwa mara elfu, nakala zote zinalingana. Hiyo ni faida kubwa, lakini inaifanya picha ionekane kitu kisicho na mwenyewe wala mahali. Picha ya chumba cha giza ni kitu kinachoshikika. Ina unene, ina mgongo wa kuandikia, na mara nyingine ina alama ya kidole cha aliyeichapa.

Sababu ya pili ni ugumu wake. Kosa moja hugharimu karatasi na dawa, kwa hiyo mpiga picha hulazimika kufikiri kabla ya kumulika. Walimu wa sanaa hupenda kuwaanzisha wanafunzi hapo kwa sababu hiyo. Sababu ya tatu ni kwamba negativu husomeka bila mashine: ukiishika mbele ya dirisha unaona kilichomo. Faili linahitaji kifaa na programu inayolitambua.

Hata hivyo, si kweli kwamba kila picha ya chumba cha giza ni bora kuliko ya kidijitali. Printa nzuri za wino hutoa picha za hali ya juu sana, na mtu anayerekebisha picha kwenye kompyuta naye hufanya maamuzi. Vifaa vya kukinga na kuongeza mwanga vilivyomo katika programu za picha vimeigwa kutoka chumba cha giza. Tena chumba hicho kina gharama zake: dawa zinahitaji hewa ya kutosha, na dawa ya kukazia iliyotumika ina fedha, hivyo haifai kumwagwa ovyo.

## Mfano wa Bamako

Historia ya Seydou Keïta wa Mali inaonyesha jinsi uchapaji unavyoweza kuibadili picha. Keïta alifungua studio yake mjini Bamako mwaka 1948. Kwa kawaida alitumia negativu kubwa za sentimita 13 kwa 18, akazilaza moja kwa moja juu ya karatasi na kutoa picha za ukubwa huo huo. Wateja walizichukua nyumbani au kuwatumia jamaa. Katika miaka ya 1990 negativu zake zilichapwa upya Ufaransa kwa ukubwa mara nyingi zaidi na kwa weusi mzito, zikatundikwa katika kumbi za maonyesho. Jina lake likaenea duniani kwa picha hizo kubwa. Tangu hapo wataalamu wamejadili ni ipi hasa picha ya Keïta: ile ndogo iliyotoka mkononi mwake, au ile kubwa iliyochapwa na wengine nusu karne baadaye?

Katika mji huo huo Malick Sidibé alipiga picha za vijana kwenye dansi za usiku, kisha akarudi studio kuzisafisha. Picha ndogo alizibandika kwenye kadi ili vijana waje kuchagua na kuagiza. Mwaka 2007 alitunukiwa Simba wa Dhahabu katika maonyesho ya sanaa ya Venice kwa kazi ya maisha yake yote.

## Afrika Mashariki

Miji ya pwani ina historia ndefu ya studio za picha. Huko Zanzibar, Capital Art Studio ilianzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na picha zake za Mji Mkongwe ni sehemu ya kumbukumbu ya visiwa hivyo.

Studio nyingi za miji mingine zimefungwa. Negativu za wateja zikitupwa, au zikiharibiwa na kuvu na unyevu, picha iliyomo katika albamu ya familia huwa ndiyo nakala pekee iliyobaki. Kwa hiyo inafaa kuitunza:

* iwekwe mahali pakavu na penye kivuli, ndani ya bahasha ya karatasi;
* isibandikwe kwa gundi wala kuwekwa katika albamu yenye kurasa za kunata;
* majina ya waliopigwa, mahali na mwaka viandikwe nyuma kwa penseli laini, wakati wazee wanaowatambua bado wapo;
* iskaniwe ili kupata nakala ya akiba, lakini ile ya karatasi isitupwe baada ya hapo.