Kibao, Bango, Chapa na Nembo: Istilahi za Waandika Vibao Zikitazamwa kutoka Lokori

Fundi aandikaye vibao vya biashara hutumia istilahi za namna mbili. Ziko za zana na vifaa: brashi, rangi, bati, plaiwudi, stensili. Hizo hazina utata. Neno liliingia pamoja na kitu chenyewe, na hapana faida kubwa ya kulifukuza sasa. Namna ya pili ni yale maneno yanayotaja kazi iliyokwisha, yaani kibao, bango, chapa na nembo. Haya hutumiwa kwa kupokezana kana kwamba ni visawe, ilhali kila moja lina historia yake na mpaka wake. Mji wa Lokori, ulio katika bonde la Mto Kerio, kusini mashariki mwa Lodwar, wafaa kuwa mahali pa kuyapimia.

Kibao ni ubao uliotiwa kiambishi cha udogo, lakini katika ufundi huu si udogo unaokitambulisha bali kazi yake. Kipande cha bati kilichopigiliwa juu ya mlango na kuandikwa jina la duka ni kibao, hata kikiwa kipana kuliko mlango wenyewe. Bango halitaji, huita: husimama kando ya barabara kumshawishi mpita njia anunue. Tofauti hii si ya anasa. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, ilizipa serikali za kaunti jukumu la kudhibiti matangazo ya nje, na Kifungu cha 7 kiliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sheria ndogo ikitungwa kwa Kiswahili na kusema "bango" pasipo kufafanua, mwenye duka aweza kutozwa ada ya tangazo kwa kibao kisichofanya zaidi ya kutaja jina lake.

Chapa na nembo zina utata mkubwa zaidi. Chapa, neno lenye asili ya Kihindi, lilishika uwanja wa uchapishaji, ndipo akapatikana Mpiga Chapa wa Serikali. Papo hapo likataja alama ya moto iliyo juu ya ngozi ya ng'ombe, na baadaye alama ya bidhaa. (Kitenzi chapa, chenye maana ya kupiga, kisichanganywe nalo kwa haraka.) Nembo nayo ilikuwa alama ya kabila iliyochanjwa mwilini, na hivyo ndivyo kamusi ya Johnson ya 1939 ilivyoieleza, kabla ya neno hilo kupanda hadhi na kuwa Nembo ya Taifa, kisha kushuka tena hadi kwenye vibao vya makampuni. Kwa hiyo maneno yote mawili yamepitia ngozini kabla ya kufika kwenye bati: moja ngozi ya mnyama, jingine ya binadamu.

Kwa Mturkana jambo hili si geni. Emachar ni alama inayotiwa mifugo, na ni ukoo wenyewe pia. Mali na mwenye mali hutajwa kwa neno moja. Tena karibu na Lokori yapo makaburi ya kale ya Namoratunga, jina lenye maana ya watu wa mawe, ambayo mawe yake yamechongwa alama nyingi. Mwaka 1977 Lynch na Robbins walieleza kwamba alama hizo zafanana na chapa za mifugo za Waturkana. Kufanana huko hakuthibitishi kwamba wachongaji walikuwa mababu zao, lakini kwatosha kuonyesha kwamba desturi ya kujitambulisha kwa alama haikuletwa huko na duka.

Mteja wa huko amwambiapo fundi amchoree alama ya chama cha wafugaji, huenda akilini mwake ana emachar. Chapa haimtoshi, kwa kuwa chapa hueleza kitu ni cha nani au kimetengenezwa na nani. Nembo ndiyo iliyo karibu, kwa kuwa tangu asili yake hueleza watu ni akina nani. Yafaa basi nembo iachiwe vyama, shule na mashirika, na chapa iachiwe bidhaa. Huko Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992 imewakutanisha Waswahili wa Kongo na Burundi na wasemaji wa Kisomali na Kiarabu, mpaka huo ungewapunguzia mafundi na wateja mabishano. Neno lebo nalo libaki kwa karatasi inayobandikwa juu ya chupa au kopo.