Marumaru: Jiwe Lililopikwa Lisiungue

Mzee mmoja wa Kiembeni, huku Kisauni, alinijia asubuhi moja na jiwe lililofungwa katika kitambaa. Baada ya kuamkiana alilifungua polepole, kama mtu afunguaye hati ya shamba lake. Lilikuwa jeupe, na pale lilipovunjika liling'aa punje punje mfano wa sukari. "Mwanangu," aliniuliza, "hili ni marumaru au silo?" Alilitoa katika kisima alichokuwa akichimba nyuma ya nyumba. Tena dalali mmoja alikuwa amekwisha kumwambia kwamba kiwanja chake chote kimekaa juu ya marumaru, na kwamba akitoa fedha za kutengenezea karatasi atapata kibali cha kuchimba. Mzee alikuwa akifikiri kuuza ng'ombe wake wawili.

Jibu lilikuwa fupi, lakini sababu zake ni ndefu, nami nadhani wasomaji wenye viwanja huku pwani watapenda kuzisikia.

Marumaru haikuumbwa marumaru. Kwanza ilikuwa jiwe la chokaa la kawaida, nalo jiwe la chokaa aghalabu hutokea baharini. Sisi watu wa Mombasa tunalijua vizuri, maana tunaishi juu yake. Matumbawe ya ukanda wetu wa pwani yaliota chini ya maji yapata miaka 125,000 iliyopita, wakati bahari iliposimama juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Bahari ikashuka, matumbawe yakabaki nchi kavu. Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593 walitumia jiwe hili hili, na kiwanda cha saruji cha Bamburi, kilichoanza kazi mwaka 1954, kililichimba kwa kusaga na kuchoma.

Hapa ndipo penye fumbo. Kila mchoma chokaa anajua kwamba jiwe la tumbawe likitiwa motoni, joto likafika kama digrii 900, haligeuki marumaru hata kidogo. Hutoa hewa ya ukaa, ikapaa angani, na ratili mia za jiwe safi zikabaki 56 tu za chokaa nyeupe ya kujengea. Basi wataalamu wanaposema kwamba marumaru ni jiwe la chokaa lililopikwa, mchoma chokaa ana haki ya kucheka.

Aliyelifumbua fumbo hili kwa majaribio ni Sir James Hall wa Uskochi, tangu mwaka 1798. Alitwaa chokaa ya mawe iliyosagwa, akaishindilia ndani ya mitutu ya bunduki, akaziba vizuri na kuitia katika moto mkali. Mitutu mingi ilipasuka. Lakini pale ilipostahimili, na hewa ikakosa njia ya kutokea, alikuta ndani kitu kigumu chenye punje za kung'aa, kinachofanana na marumaru. Siri ilikuwa kifuniko. Ardhini, kifuniko hicho ni uzito wa kilomita nyingi za miamba iliyolala juu. Hewa haitoki, jiwe haliungui wala haliyeyuki. Chembe zake ndogo huungana zikawa kubwa, zikashikamana moja na nyingine bila nafasi katikati. Ndiyo sababu marumaru hukubali kusuguliwa mpaka ikang'aa, na tumbawe letu lenye matundu halikubali.

Atakaye kuona marumaru ya kweli na apande gari la moshi liendalo bara. Kadiri gari linavyopanda ndivyo miamba inavyozidi uzee. Ukiacha matumbawe utapita mawe ya tope ya Changamwe, kisha mawe ya mchanga ya Mazeras, Maji ya Chumvi na Taru. Kaskazini ya njia hiyo, huko Kambe, kuna jiwe la chokaa lenye umri wa miaka milioni 170 hivi, na makombe ya wanyama wa bahari yangali yakionekana ndani yake. Jiwe la Carrara nchini Italia, ambalo Michelangelo alilichonga sanamu ya Daudi kati ya mwaka 1501 na 1504, lilianza likiwa tope la chokaa baharini katika zama hizo hizo za Jura. Lakini Carrara ilikunjwa na kuzamishwa milima ya Italia ilipoinuka, na Kambe haikuguswa. Ndiyo maana moja ni marumaru, na ndugu yake angali jiwe la chokaa.

Ukiupita mji wa Mackinnon Road kuelekea Voi unaingia katika miamba ya asili, na upande wa Kasigau na Kurase, nchi ya Taita, mna matabaka ya marumaru kwelikweli. Mengine yako Turoka, karibu na Kajiado. Haya ni masalio ya milima mikubwa iliyoinuka kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita, mabara mawili yalipogongana. Arthur Holmes aliupa ukanda huo jina la Msumbiji katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1951. Tope la chokaa la bahari ya kale lilisukumwa chini zaidi ya kilomita 20, katika joto la digrii zaidi ya 700. Milima yenyewe imekwisha kuliwa na mvua, nasi tunatembea juu ya mizizi yake. Mistari ya kijivu katika marumaru hiyo mara nyingi ni grafiti, madini yale yale ya kalamu za risasi, nayo yamkini ni mabaki ya viumbe vidogo vya bahari ile.

Basi nikalitazama jiwe la mzee. Nilitonesha maji ya ndimu, likatoa povu. Mzee akafurahi, lakini jambo hilo halikuthibitisha kitu, maana tumbawe na marumaru hutoa povu sawasawa, na kisu hukwaruza yote mawili. Tukaligeuza upande wa chini. Hapo palikuwa na vitundu vya tumbawe vilivyopangika kama nyota, na nusu ya kombe la chaza. Katika marumaru ya Taita kombe halionekani: wanyama wenye makombe walikuwa hawajatokea duniani tope lile lilipotua, na hata kama wangalikuwapo, joto lile lingaliwafuta. Weupe uliomeremeta ulikuwa kazi ya maji ya mvua, ambayo huyeyusha chokaa kidogo kidogo na kuiacha tena ndani ya matundu.

Nilimwambia pia kwamba kwa Sheria ya Madini ya Kenya ya mwaka 2016 madini ni mali ya Jamhuri, hushikwa na Serikali kwa niaba ya wananchi, na kibali hakitolewi na dalali.

Alinyamaza kitambo, akalifunga jiwe lake tena katika kitambaa. "Na maji ya kisima?" akauliza. Nikamjibu kwamba jiwe lenye matundu hupitisha maji safi na machafu vilevile, kwa hiyo kabla ya kuendelea apime umbali wa choo. Siku ya pili nilimwona akitembea kiwanjani na kamba mkononi, mjukuu wake ameshika ncha ya pili.