Goti likiuma machela, akili ikiuma kamba

Na Mwandishi Wetu, Kilosa

WINGA akianguka katikati ya uwanja pale Mikumi na kushika goti, kila mtu anajua la kufanya. Refa anapuliza filimbi, wenzake wanamnyanyua, mmoja anakimbilia barafu dukani, bodaboda inawashwa. Muda si mrefu jamaa yuko hospitali. Hata wale wanaoamini timu pinzani 'imefanya mambo yake' wanakubali apigwe picha kwanza, mengine baadaye.

Sasa winga huyohuyo akae siku nne bila kulala. Hali chakula, anaongea peke yake, anadai wenzake wamemuuza. Hapo mambo yanageuka. Kwanza wanamcheka. Kisha wanamkwepa. Akianza fujo wanamfunga kamba. Jina linabadilika, anaitwa chizi, na jezi yake anapewa dogo mwingine.

Yote mawili ni majeraha na yote yana matibabu. Tofauti ni kwamba la goti tunaliwahi, la akili tunalichelewesha mpaka dakika za nyongeza. Na hilo la pili, mtu wa kwanza kulipokea katika wilaya nyingi za Tanzania si daktari bingwa. Ni nesi.

MOROGORO SI WAGENI

Kwa miaka mingi ugonjwa wa akili nchini ulikuwa na safari moja tu: Mirembe, Dodoma, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1927. Mtu akisikia jina hilo anashusha sauti.

Miaka ya 1980 serikali ikishirikiana na Shirika la Afya Duniani (WHO) ilichagua mikoa miwili, Morogoro na Kilimanjaro, kujaribu mfumo mwingine. Badala ya kumpeleka kila mgonjwa mbali na kwao, huduma isogezwe kwenye hospitali za wilaya, vituo vya afya na zahanati. Maana yake mkoa wa Morogoro, ambao Kilosa na Mikumi zimo ndani yake, ulikuwa kwenye kikosi cha kwanza.

Kabla ya hapo, upande wa kusini wa mkoa huu, Dk Louise Jilek-Aall kutoka Norway alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge mwaka 1960. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, si wazimu, lakini hadi leo hospitali nyingi nchini zinawahudumia wagonjwa wake kwenye kliniki moja na wa afya ya akili. Nesi ni yuleyule.

Na Kilosa ina sababu zake za kumhitaji. Desemba 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mto Mkondoa ulifurika na maelfu wakaachwa bila makazi. Waliokuwa watoto wakati huo, leo ndio wenye umri wa kucheza ligi. Mikumi nayo ipo kwenye barabara kuu ya Tanzania na Zambia, malori yanapita usiku na mchana, pombe na bangi haviko mbali. Si kwamba kila aliyepitia hayo ataugua. Ila mzigo huo upo, na mwingine anacheza nao dakika 90.

NESI ANAANZA NA MWILI

Tumchukue mchezaji wa mfano, tumwite Namba 11. Nahodha na mama yake wamemfikisha hospitali. Mama anaanza kueleza: "Dokta, mwanangu amechezewa." Nesi mzoefu hamkatishi wala hambishii, maana akimpoteza mama hapo, mgonjwa atatoroshwa usiku kwenda kwa mganga.

Kitu cha kwanza ni mwili. Joto likoje? Amepimwa malaria? Kilosa malaria si hadithi, na malaria kali inaweza kumfanya mtu achanganyikiwe ghafla. Homa ya uti wa mgongo vilevile. Aligongana vichwa kwenye mechi? Ana kifafa? Anavuta, anakunywa, ameacha pombe ghafla? Yote hayo yanaulizwa kabla ya kumpa ugonjwa jina.

Baada ya hapo anauliza familia ilianza lini, kisha anakaa na mgonjwa mwenyewe. Anamwita kwa jina lake, si 'wewe chizi'. Akisema anasikia sauti, nesi hamcheki na hajifanyi anazisikia. Anamuuliza zinasema nini, zinamtisha kiasi gani.

Halafu kuna swali ambalo makocha wengi wanaliogopa: "Umewahi kufikiria kujitoa uhai?" Wengi wanadhani ukimuuliza mtu hivyo utampandikizia wazo. Sivyo. Kuulizwa kwa upole kunampa nafasi ya kuutua mzigo, na kama hatari ipo anabaki na mtu karibu, vitu vya hatari vinaondolewa, anafikishwa hospitali siku hiyohiyo.

MAGONJWA YENYEWE

Si kila tatizo linakuja na kelele. Sonona mara nyingi iko kimya. Mtu anapoteza raha ya vitu alivyovipenda, mpira ukiwemo, usingizi unaharibika, nguvu zinaisha, anajiona hana thamani, na hali hiyo inadumu wiki mbili au zaidi. Kocha anaona uvivu tu.

Wasiwasi uliopitiliza unampiga mchezaji moyo mbio, jasho na tumbo kabla hata ya kuvaa viatu, wenzake wanasema ana mchecheto. Baipola inampandisha mtu juu, halali, anaongea kasi, anagawa hela, halafu siku nyingine inamshusha chini kabisa. Skizofrenia inaleta sauti na imani zisizokuwepo, na kwa wanaume mara nyingi huanza mwishoni mwa ujana au kwenye miaka ya ishirini. Huo ndio umri wa Namba 11.

Kwa hesabu za WHO, mwaka 2019 mtu mmoja kati ya wanane duniani alikuwa anaishi na tatizo la afya ya akili. Kikosi cha kwanza kina watu 11, weka na benchi. Piga hesabu mwenyewe.

MIGUU MIZITO

Hapa ndipo mechi nyingi zinapotezwa. Namba 11 amepewa dawa kama haloperidoli. Ndani ya siku chache analala, fujo zinapungua, sauti nazo zinaanza kufifia. Anarudi mazoezini na kukuta miguu imekakamaa, mikono inatetemeka, mwili mzito. Mashabiki wanasema dawa za hospitali zimemmaliza dogo. Anaziacha kimyakimya. Mwezi haujaisha, kamba inatafutwa tena.

Ukakamavu ule si mwisho wa kipaji chake. Ni madhara ya dawa yanayojulikana. Nesi akiambiwa mapema, anashirikiana na daktari kupunguza dozi, kubadili dawa au kuongeza nyingine ya kulegeza misuli. Wapo wanaohamishiwa sindano ya kila baada ya wiki kadhaa, ili wasihangaike na vidonge kila siku. Hata jua ni suala la kumuuliza nesi, kwani baadhi ya dawa hizi zinaufanya mwili ushindwe kuhimili joto. Mchezaji anayezitumia anywe maji ya kutosha na asikimbizwe saa saba mchana.

Dawa za sonona zina mtihani mwingine. Huchukua wiki mbili mpaka nne, hata zaidi, kabla ya kuonyesha kazi. Wengi wanakata tamaa wiki ya kwanza. Na akipona, anatakiwa kuendelea nazo kwa angalau miezi sita. Ni sawa na goti: maumivu yakiisha haina maana umepona, na ukirudi uwanjani mapema unaumia palepale.

Dawa peke yake haitoshi. Kazi ya nesi ni pia kukaa na familia, kueleza ugonjwa unakujaje, usingizi una umuhimu gani, bangi inaharibu nini, na dalili zipi zikirudi wasisubiri.

INIESTA NA ENKE

Wanaodhani haya ni mambo ya watu dhaifu wamuulize Andrés Iniesta. Mwaka 2009 rafiki yake Dani Jarque, nahodha wa Espanyol, alifariki ghafla. Iniesta, akiwa pia anaandamwa na majeraha, aliangukia kwenye sonona. Alikubali msaada wa wataalamu. Julai 11, 2010, Johannesburg, dakika ya 116, aliifungia Hispania bao la kombe la dunia, akavua jezi kuonyesha jina la Jarque.

Robert Enke yeye aliuficha ugonjwa wake. Golikipa huyo wa Hannover 96 na Ujerumani alitibiwa sonona kwa siri, akihofia ikijulikana atapoteza kazi na hata binti aliyekuwa amemuasili. Novemba 10, 2009 alijitoa uhai akiwa na miaka 32. Uwanja ulijaa siku ya kumuaga.

Wote wawili walipata wataalamu. Lakini siri ni mzigo juu ya ugonjwa, na Enke aliubeba mbele ya mashabiki kila wiki.

BENCHI LINAWEZA NINI

Timu ya mtaa haiwezi kutibu. Ila inaweza kumuwahisha hospitali kabla ya kamba. Inaweza kuacha neno chizi. Inaweza kutomnunulia bia siku ya ushindi. Na akiwa amelazwa, wenzake wanaweza kwenda kumuona, kama wanavyokwenda kwa aliyevunjika mguu.

Kikubwa zaidi ni ile kadi ya kliniki. Kila mgonjwa anaandikiwa tarehe ya kurudi, na Kilosa si ndogo. Anayetoka Ulaya au Zombo anahitaji nauli na siku nzima ya kazi. Akikosa tarehe moja, dawa zinaisha. Kwa hiyo Namba 11 akiridhia, nahodha aikariri tarehe hiyo kama anavyokariri ratiba ya ligi, na timu ichange nauli kama inavyochanga ya mechi za ugenini. Asiporidhia, ugonjwa wake si habari ya kijiweni.

Namba 11 wa mfano wetu anaweza kurudi. Wengi hurudi mashambani, kwenye malori, kwa familia zao, na uwanjani. Wapo wanaohitaji dawa miaka mingi, na wanacheza. Swali ni kama siku akirudi atakuta jezi yake bado ipo, au wenzake walishaamua kwamba mechi yake imekwisha.