Kaseti mu sanduku, nyimbo mu telefone

Hapa Butembo, pembeni ya soko, vijana wenye ordinateri wanajaza telefone yako kabla hujamaliza kikombe cha chai. Unawapa kadi, unasema "tieni rumba ya zamani", na nyimbo mia mbili zinaingia.

Hatuwadharau. Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza kufuatana Beni na vijiji vya kandokando, ni familia ngapi zimekimbilia huku, kilometa 54, godoro likiwa kichwani? Sanduku la diski halikimbiwi nalo. Wako wazee walioacha diski na kaseti za maisha yao yote mu nyumba, na leo wanamsikiliza Tabu Ley kwa kadi ndogo kama ukucha. Anayesema telefone ni takataka, huyo hajakimbia bado.

Lakini ile kadi haibebi majina. Tuchukue "Mabele" ya 1974. Orkestra ni OK Jazz ya Franco, sauti ni ya Sam Mangwana, mtunzi ni Lutumba Simaro. Ku diski za wakati ule, jina la mtunzi lilikuwa limeandikwa pale katikati, karibu na jina la wimbo. Ku telefone utasoma "Piste 07", kisha kijana anakuapia kama ni Franco anaimba! Sisi watu wa sendika ya mines tunaijua hiyo hesabu: jina likikosa ku liste, siku ya malipo mtu anarudi nyumbani mikono mitupu. Simaro alikufa 2019. Desemba 2021 UNESCO iliiandika rumba yetu mu urithi wa utamaduni wa binadamu usioshikika, na watunzi wake bado wanaitwa "Piste".

(Diski ndogo za 45 zilikuwa na utamu wao: wimbo mrefu ulikatwa mara mbili, mtu alisimama kugeuza upande, wengine wakaagiza chupa ingine.)

Wandugu mlio na diski ama kaseti zilizobaki, mbele ya kuziuza pigeni picha ya ganda, mbele na nyuma. Na ninyi vijana wa ordinateri, andikeni jina la mtunzi kwanza, ndipo mjaze kadi. Itachukua muda kidogo kwa kila wimbo. Tutangoja.